Tarehe zilizopita bila kelele: niliyojifunza nikihamisha leja za ushirika kwenda kwenye wingu

Hifadhidata ikikataa tarehe yako, imekusaidia. Nimehamisha data za taasisi nyingi sasa, kutoka kwenye madaftari na lahajedwali kwenda kwenye hifadhidata za wingu, na vijana wanaoanza kazi hii wakiniuliza waanzie wapi kutafuta kasoro, ninawaambia waiweke kando kwanza orodha ya mistari iliyokataliwa. Waitazame iliyokubaliwa. Humo ndimo pesa za watu zinamopotelea.

Nitaeleza kwa kutumia kazi moja, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ilikuwa ya ushirika wa akiba na mikopo hapa Tanzania, SACCOS yenye matawi kadhaa, ambayo sitaitaja jina. Kwa miaka mingi walitunza kumbukumbu za marejesho ya mikopo kwenye Excel, kila tawi na faili lake, kila karani na mtindo wake. Wakaamua kuhamia kwenye mfumo mmoja unaotumia hifadhidata ya PostgreSQL kwenye seva ya kukodi mtandaoni. Mimi niliitwa nichukue mafaili ya matawi, niyageuze kuwa CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, kisha niyapakie kwa mkupuo.

Kabla sijafika, makao makuu yalikuwa yameshapeleka agizo matawini: tarehe zote ziandikwe mwaka, mwezi, siku, kama kinavyotaka kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Ni agizo zuri. Hata leo ningelitetea. Lakini lilifika wakati data zimeshaandikwa, na likatekelezwa na watu ambao hawakuambiwa Excel inafanya nini ndani yake pale unapoiambia ibadilishe sura ya tarehe.

Faili la kwanza lilikataliwa mara moja. Amri ya COPY ya PostgreSQL, ile ya kupakia faili zima, katika hali yake ya kawaida haina huruma: mstari mmoja ukiwa mbovu, inarudisha vyote. Ujumbe uliotokea ni huu:

date/time field value out of range: "13/07/2022"

Maana yake ni kwamba tarehe imetoka nje ya mipaka. Chini yake huja dokezo kwamba pengine unahitaji kubadilisha mpangilio unaoitwa datestyle. Usipoigusa PostgreSQL, mpangilio wake wa asili ni ISO, MDY, yaani ikikutana na tarehe yenye mikwaju inaanza kusoma mwezi, kama wanavyoandika Wamarekani. Mwezi wa 13 haupo, kwa hiyo ikakataa.

Kijana wa TEHAMA tuliyekuwa naye alijua dawa yake. Weka datestyle iwe DMY, pakia tena. Na kweli, ukifanya hivyo faili lote linapita. Tarehe zilizoandikwa 2022-04-07 zinasomwa vilevile zilivyo, za mikwaju zinasomwa siku kwanza, hakuna mstari hata mmoja unaobaki nje. Tulilijaribu kwenye hifadhidata ya majaribio, likapita lote, na mkutano ungeweza kuishia hapo kwa soda na pongezi.

Kilichonizuia ni swali dogo. Safu moja, iliyoandikwa na karani mmoja, kwa nini ina miundo miwili?

Basi nikaipakia upya safu ile ya tarehe kama maandishi matupu, kwenye jedwali la muda ambalo halijui tarehe ni kitu gani. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii, na siku hizi siiruki hata faili likiwa na mistari michache. Safu yangu naiita tarehe_ghafi. Halafu natafuta sura za maandishi yaliyomo: kila tarakimu naigeuza kuwa 9, kisha nahesabu kila sura imejitokeza mara ngapi.

SELECT regexp_replace(tarehe_ghafi, '[0-9]', '9', 'g') AS sura, count(*)
FROM marejesho_ghafi GROUP BY 1 ORDER BY 2 DESC;

Badala ya maelfu ya tarehe, unapata orodha fupi unayoweza kuisoma kwa jicho. Faili lile lilitoa sura mbili kubwa, 9999-99-99 na 99/99/9999, pamoja na vimelea vichache: tarehe zenye nukta na seli tupu. Nikachukua sura ya kwanza peke yake nikatafuta namba kubwa kuliko zote katika sehemu ya siku. Ikawa 12. Nikachukua sura ya pili nikatafuta namba ndogo kuliko zote katika sehemu ya siku. Ikawa 13.

Hakuna karani duniani anayebadili mwandiko wake kila mwezi ufikapo tarehe 13. Kuna kitu kingine kilichokuwa kinaandika.

Ni hivi. Laptopu nyingi zinafika mikononi mwetu zikiwa na mpangilio wa kieneo wa Marekani, na wengi hawaugusi. Karani wetu anaandika tarehe kama alivyofundishwa shuleni, siku kwanza. Anaandika 04/07/2022 akimaanisha tarehe 4 Julai. Excel yenye mpangilio wa Marekani inaona mwezi wa 4, siku ya 7, inahifadhi 7 Aprili. Kisha inamwonyesha karani 4/7/2022. Karani anatazama, anaona nne, saba, anaridhika. Kesho yake anaandika 13/07/2022. Excel inatafuta mwezi wa 13, haiupati, inaamua kwamba hayo ni maneno tu, inayaacha yalivyo. Karani anaona alichoandika, anaridhika tena. Kwa macho safu yote iko sawa. Ndani yake kuna tarehe halisi zilizogeuzwa na maandishi yaliyosalimika, yamechanganyika.

Jambo la ajabu, na ambalo watu wengi hawaliamini mpaka walione, ni kwamba faili hilo lingehifadhiwa kama CSV siku hiyohiyo, kwenye kompyuta hiyohiyo, lingetoka salama. Excel huandika kwenye CSV kile kinachoonekana kwenye seli. Ingeandika 4/7/2022 na 13/07/2022, nasi tungesoma zote siku kwanza, zote zingekuwa kweli. Lilipokuja agizo la makao makuu, mhasibu wa tawi akateua safu nzima, akachagua muundo wa mwaka-mwezi-siku, akahifadhi. Hapo Excel ikatoa ilichokuwa nacho moyoni: 2022-04-07. Na ile 13/07/2022, kwa kuwa ni maandishi, haikuguswa. Nia ilikuwa njema, utii ulikuwa kamili, na ndipo uharibifu ulipokamilika.

Hesabu yake inastahili kukaa kichwani. Mwaka wa siku 365 una siku 144 ambazo namba ya siku haizidi 12, yaani miezi 12 mara siku 12. Siku 12 kati ya hizo hazidhuriki, kwa sababu siku na mwezi ni namba moja: 1/1, 2/2, hadi Saba Saba, Nane Nane na 12/12. Zinabaki 132 zinazogeuzwa bila kelele. Siku 221 zilizobaki ndizo zinazoleta vurugu kwenye upakiaji. Ukizishughulikia hizo 221 peke yake ukafurahi, umeacha zaidi ya theluthi moja ya mwaka ikiwa na tarehe za uongo, na sasa hata ile alama ya hatari imeondoka.

Kuna dalili nyingine mbili ambazo zinaonekana kabla hata hujafika kwenye hifadhidata. Ya kwanza: Excel, isipoelekezwa vingine, huegemeza maandishi kushoto na tarehe kulia. Safu ya tarehe iliyoyumba, hizi kushoto hizi kulia, inakupigia kelele. Bahati mbaya makarani wengi huiweka safu katikati ili ipendeze, na dalili inafutika. Ya pili ni sifuri. Ukiona 4/7/2022 bila sifuri na 13/07/2022 yenye sifuri katika safu moja, jua ile ya kwanza imeshapita mikononi mwa Excel. Karani aliandika sifuri zote. Moja imeng'olewa na mashine.

Tena usidhani faili la Excel linabaki lilivyo likihama kutoka kompyuta hadi kompyuta. Muundo wa tarehe wenye alama ya nyota katika orodha ya Excel hufuata mpangilio wa kompyuta iliyolifungua. Kwa hiyo ile 7 Aprili ya uongo, iliyoonekana 4/7/2022 tawini, ikifunguliwa makao makuu kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Uingereza itaonekana 07/04/2022. Watu wawili kwenye simu, kila mmoja na faili lilelile mbele yake, wanabishana wote wakisema kweli.

Sasa pesa zinaingiaje? Mwanachama amelipa rejesho tarehe 7 Aprili. Karani ameandika 07/04/2022. Excel imesoma 4 Julai. Siku 88 zimeongezeka kati ya alipolipa na inaposemekana amelipa. Mfumo mpya ulikuwa umepangwa kukokotoa faini ya ucheleweshaji wenyewe kila usiku na kumtumia mwanachama ujumbe wa simu. Fikiria mama wa genge aliyejinyima ili alipe kwa wakati, anaamka asubuhi anakuta anadaiwa faini ya miezi mitatu. Hatarudi kukuuliza habari za datestyle. Atajua tu kwamba ushirika wake umemwita mdaiwa sugu, na majirani zake watajua.

Nilipowaeleza viongozi, wengine waliona ninakuza mambo. Aliyenielewa mara moja alikuwa mhasibu mkuu, mama wa makamo ambaye alianza kazi ushirika ukiwa bado unaandika leja kwa kalamu. Nilimfuata ofisini na karatasi nilizochapa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Lete hizo tarehe zako."

Akashusha kidole kwenye orodha, akasimama pale penye 9 Desemba. "Hawa wote wamelipa siku ya Uhuru? Dirisha limefungwa. Nani aliwapokea?"

Walikuwa wamelipa tarehe 12 Septemba. Akapekua tena, akakuta marejesho ya tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi. Hao walikuwa wa 1 Desemba. Kisha Mei Mosi, ambayo kwa kweli ilikuwa 5 Januari. Tangu siku hiyo kalenda ya sikukuu imekuwa sehemu ya vipimo vyangu. Kila faili linalohusu dirisha la malipo, nahesabu miamala iliyoangukia Jumapili na sikukuu za kitaifa. Tarehe 2 Juni 2022 ilikuwa Alhamisi. Ikigeuzwa inakuwa 6 Februari 2022, Jumapili. Ofisi isiyofungua Jumapili haiwezi kuwa na risiti za Jumapili, na hiki ni kipimo ambacho hata mjumbe wa bodi asiyegusa kompyuta anakielewa bila kuelezwa mara ya pili.

Lakini kujua kwamba zimeharibika ni jambo moja, kuzirudisha ni lingine. Njia ya mkato ilikuwa kugeuza siku na mwezi katika kila tarehe yenye sura ya ISO. Niliikataa, kwa sababu si matawi yote yaliyokuwa na laptopu ya namna moja. Tawi moja, kompyuta yao iliwekwa vizuri tangu mwanzo, na tarehe zao za ISO zilifika mpaka 31. Pale hapakuwa na cha kugeuza. Ukigeuza unaharibu kilicho kizima. Tawi jingine walibadilisha kompyuta katikati ya mwaka, nusu ya faili ina ugonjwa, nusu haina.

Mama mhasibu ndiye aliyenipa ufunguo, kwa kuuliza tu: "Namba za risiti si zipo?"

Zilikuwepo. Kitabu cha risiti kina namba zilizochapwa kiwandani, zinazofuatana. Risiti ya mbele haiwezi kukatwa kabla ya risiti ya nyuma yake katika kitabu kilekile. Na hapo ile mistari iliyokataliwa, ambayo kila mtu aliiona kama uchafu, ikageuka kuwa mali. Tarehe 13/07/2022 ina usomaji mmoja tu. Haiwezi kuwa kitu kingine. Kila tarehe ya namna hiyo ni kigingi kilichopigwa ardhini: tunajua kwa hakika risiti hii ilikatwa siku hii.

Nikapanga mistari kwa kitabu na namba ya risiti. Kwa kila tarehe yenye mashaka nikaandika safu mbili, moja kama ilivyo na nyingine siku na mwezi vikiwa vimebadilishana. Kisha nikatafuta kigingi cha karibu nyuma yake na cha karibu mbele yake, nikauliza ni ipi kati ya hizo mbili inayokaa katikati. Inafanya kazi kwa sababu rahisi. Katika tawi linalopokea pesa kila siku, pengo kati ya kigingi cha mwisho wa mwezi na kile cha tarehe 13 ya mwezi unaofuata ni kama wiki mbili hivi. Na tarehe iliyogeuzwa haiwezi kuwa karibu na ya kweli: jozi zilizokaribiana kuliko zote, 3 Februari na 2 Machi, zimeachana siku 27 katika mwaka wa kawaida. Mbili haziwezi kuingia pamoja kwenye pengo la wiki mbili. Moja inaingia, nyingine inabaki nje, na jibu linajileta lenyewe.

Palipokuwa na wapokeaji wawili, kila mmoja na kitabu chake, ilibidi kila kitabu kishughulikiwe peke yake. Ukivichanganya, mfuatano unavunjika na vigingi vinakudanganya. Na tawi moja dogo, linalofunguliwa siku za gulio tu, lilitusumbua hasa. Risiti chache, vigingi viko mbalimbali, kuna mahali tarehe zote mbili ziliingia. Huko hakukuwa na amri ya kompyuta ya kutuokoa. Tulifungua vitabu vyenyewe na kusoma nakala ya risiti inayobaki kitabuni, moja baada ya nyingine, karani akisoma kwa sauti nami nikiandika.

Siku hizi PostgreSQL, kuanzia toleo la 17 la mwaka 2024, inakuruhusu kuiambia COPY iruke mistari mibovu na kuendelea. Hifadhidata nyingine zina vitu vya jamii hiyo: BigQuery ina kikomo cha mistari mibovu unachokiweka mwenyewe, na Redshift ina ACCEPTANYDATE, ambayo tarehe isiyosomeka inaingizwa ikiwa tupu badala ya kusimamisha kazi. Naelewa kwa nini zipo. Ukiwa na mabilioni ya mibofyo ya tovuti, mia zikidondoka hakuna anayelia. Kwenye leja ya watu sizitumii kamwe. Katika kazi niliyoeleza, kuruka mistari mibovu kungetupilia mbali vigingi vyote na kubakiza uongo mtupu.

Tarehe za mikwaju zilizobaki nilizigeuza kwa to_date(tarehe_ghafi, 'DD/MM/YYYY'), nikitaja muundo waziwazi badala ya kuiachia hifadhidata ikisie. Kabla ya hapo nahakiki sura kwanza, kwa sababu to_date ni mpole kupita kiasi kwenye mambo mengine. Mpe 12/04/23 kwa muundo wenye YYYY, atakupa mwaka wa 23, zama za Warumi, bila kulalamika. Kwenye toleo la kabla ya 10 hata siku ya 40 ya Juni ilikubalika, ikasukumwa mpaka Julai.

Mambo mengine yaliyojitokeza nitayapitia haraka, maana yanajulikana zaidi, ingawa kila moja linaweza kukukalisha ofisini mpaka usiku.

Tawi moja lilileta namba tupu: 44746. Hiyo ni 4 Julai 2022 kama Excel inavyoihifadhi, idadi ya siku ikianzia 1 Januari 1900 kama siku ya kwanza. Ili kuirudisha, unajumlisha kwenye 30 Desemba 1899, jambo linaloonekana la ajabu mpaka ujue kwamba Excel inahesabu 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo, kosa lililorithiwa kwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali iliyoitangulia Excel, ili mafaili ya wakati ule yaendane. Na kama faili lilitoka kwenye Mac ya zamani, huenda linahesabu kuanzia 1904, nawe unapishana kwa siku 1,462.

Miaka ya kuzaliwa yenye tarakimu mbili ni hatari kwa wazee. Kwa kawaida Excel huipeleka 30 hadi 99 karne iliyopita. PostgreSQL ikiachiwa isome yenyewe huanzia 70. Mzee aliyezaliwa mwaka 45 ni wa 1945 kwenye lahajedwali, kisha anageuka wa 2045 akifika kwenye hifadhidata. Kuna wazee pia wanaojua mwaka tu, na karani akawaandikia 1 Januari kwa sababu fomu ilidai siku. Hiyo sisi tuliihifadhi kama mwaka, na safu ya pembeni ikisema siku haijulikani. Kuwapa watu siku ya kuzaliwa ambayo hawakuisema si kazi ya mfumo.

Majina ya miezi kwa Kiswahili hayasomwi na zana nyingi. Jan na Feb zinapita kwa bahati, kisha Mac, Mei, Ago, Okt na Des zinagoma. Usiwalaumu makarani kwa kuandika lugha yao. Tengeneza jedwali dogo la miezi, weka kila namna uliyoikuta, liunganishe. Ni kazi ya nusu saa.

Saa zilihitaji uangalifu zaidi. Baadhi ya makarani walikuwa na safu ya muda wa malipo, na nilipochora grafu nikaona dirisha linachangamka kuanzia saa nane za usiku, 2:00, na kufungwa 10:00 asubuhi. Bila shaka waliandika saa yetu: 2:15 ni saa mbili na robo asubuhi, yaani 08:15 kwa mashine, na 9:40 ni alasiri, 15:40. Kuongeza saa sita kunatosha kwa ofisi inayofanya kazi mchana. Ila hapohapo kulikuwa na miamala iliyonakiliwa kutoka kwenye taarifa za pesa za simu, ambayo iko kwenye saa 24 tayari. Hizo ukiziongezea sita unaziharibu. Tulizitenganisha kwa safu ya njia ya malipo.

Na seva iliyoko wingu mara nyingi inaishi kwenye UTC, saa ya marejeo ya dunia, iliyo saa tatu nyuma yetu. Malipo ya simu ya saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, yakitafsiriwa kwa UTC, yanaangukia 21:30 ya tarehe 30 Juni, na ripoti ya mwezi inayumba. Tarehe ya kuzaliwa ikihifadhiwa pamoja na saa, saa sita kamili za usiku, inarudi siku moja nyuma kwa njia hiyohiyo. Dawa yake ni aina ya safu: kisicho na saa kiwe date tupu, chenye saa kitaje ukanda wake, Africa/Dar_es_Salaam, tangu siku ya kwanza.

Kwenye fomu mpya ya matawi hatukuwaambia tena makarani waandike tarehe kwa muundo fulani. Tuliivunja tarehe iwe visanduku vitatu, siku, mwezi na mwaka, mwezi ukichaguliwa kwa jina kutoka kwenye orodha ya Januari hadi Desemba, na hifadhidata inaiunga yenyewe kwa make_date. Walilalamika mwanzoni kwamba inawachelewesha. Ni kweli inachelewesha kidogo, na nilisimama imara hapo. Kasi ya karani haina thamani kama mwanachama atatozwa kwa siku ambazo hakuchelewa.

Safu ya tarehe_ghafi haikufutwa. Ipo mpaka leo pembeni ya tarehe iliyosafishwa, na pembeni yake tena kuna safu inayosema tarehe hii imepatikanaje: iliandikwa wazi, imetokana na mfuatano wa risiti, au imesomwa kitabuni. Kuna kundi la nne, la risiti za tawi la gulio ambazo vitabu vyake vililowa mvua na hazisomeki. Mama mhasibu aliwaambia wajumbe wa bodi kwamba pale ambapo ushirika hauwezi kuthibitisha siku, ushirika hauna haki ya kutoza faini, na kwamba kati ya tarehe mbili mwanachama apewe ile ya mapema. Bodi ikakubali. Mfumo umeandikiwa hivyo: ukikuta kundi la nne, unaruka hesabu ya faini na kumwita mtu.